Kuchora madirisha ya programu kwa kuburuta vitufe: je, kunatosha kwa stoo ya dagaa?

*Swali: Natunza hesabu kwenye stoo ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Mzigo unaingia kutoka visiwani, tunapima, tunauza, wengine wanachukua kwa mali kauli. Kila kitu kipo kwenye daftari na Excel, na Excel imeanza kutuchanganya: mteja mmoja ameandikwa kwa namna tatu, na mwezi uliopita fomula ilifutika bila mtu kujua. Najua Python kidogo. Nimeona video zinazosema siku hizi unaburuta vitufe tu na programu inakuwa tayari bila kuandika msimbo. Nikajaribu chombo kimoja cha kuchora madirisha ya Tkinter, maktaba ya madirisha ya Python. Kwenye laptopu yangu dirisha lilipendeza, lakini kwenye kompyuta ya stoo kitufe cha Hifadhi hakionekani na maandishi yamekatika. Kompyuta hiyo ni ya Windows 10, RAM gigabaiti 4, skrini ndogo, intaneti ya kubahatisha. Baadaye tunataka kompyuta ya pili kwa ajili ya keshia. Fundi mmoja ametaka shilingi milioni moja na nusu. Nijenge mwenyewe au nimpe yeye? Na nikijenga, nitumie chombo gani?*

Ndugu yangu, umeuliza mambo matatu kwa mpigo: kwa nini dirisha liliharibika, uchague chombo gani, na kama kazi yenyewe utaiweza. Naanza na la kwanza kwa sababu ndilo lililokukatisha tamaa, na kumbe ndilo jepesi kuliko yote.

Chombo ulichotumia, kwa dalili ulizoeleza, kiliandika amri ya place: kitufe hiki kikae pikseli 40 kutoka kushoto na pikseli 820 kutoka juu. Kwenye skrini ya 1920 kwa 1080 hakuna shida. Skrini ndogo za kompyuta za zamani nyingi ni 1366 kwa 768, na mwambaa wa chini wa Windows unakula pikseli nyingine 40. Kitufe kilichowekwa kwenye pikseli ya 820 kipo, kinafanya kazi, ila kiko chini ya ukingo wa skrini ambako hakuna mtu atakayekibonyeza.

Kukatika kwa maandishi kuna chanzo kingine. Herufi hupimwa kwa pointi na sanduku linalozibeba hupimwa kwa pikseli. Windows ikiwa kwenye ukuzaji wa asilimia 100, herufi ya pointi 12 ni pikseli 16. Kwenye asilimia 125 inakuwa pikseli 20, na kwenye 150 inafika 24. Maandishi yananenepa, sanduku linabaki na upana uleule uliolichora nao. Na kama aina ya herufi uliyochagua haipo kwenye kompyuta ya pili, Windows huweka nyingine, labda pana zaidi, nawe unapata “Jumla ya dag” badala ya “Jumla ya dagaa”.

Dawa ni kuacha kuliambia dirisha vipimo na kuanza kuliambia kanuni. Orodha ya mauzo ijaze nafasi yote iliyobaki katikati. Kitufe cha Hifadhi kikae kona ya chini kulia, dirisha lipanuke au lipungue. Kila chombo cha maana kina njia ya kusema hivyo. Tkinter ina grid, ambapo unaweka sticky na uzito wa safu kwa columnconfigure na rowconfigure. Qt, maktaba nyingine ya kujengea madirisha, ina mipangilio yake inayoitwa layout. Lazarus na Windows Forms, vyombo vingine viwili vya kuchorea madirisha, zina sifa ya Anchors au Anchor, yaani nanga, na jina hilo halihitaji kuelezwa kwa mtu wa Mwaloni. Kitufe kilichotiwa nanga kulia na chini hufuata kona hiyo popote iendako. Sanduku lililotiwa nanga kushoto na kulia hunyooka dirisha likipanuka, kama mtumbwi uliofungwa kamba mbele na nyuma.

Kwa hiyo hukukosea kuandika programu. Ulichora picha mahali panapotakiwa kanuni, na chombo kilikuruhusu.

Sasa hili la “bila kuandika msimbo”. Kwanza, kuburuta vitufe si jambo la siku hizi. Visual Basic ya Microsoft ilifanya hivyo mwaka 1991 na Delphi ya Borland ikafuata 1995, na programu nyingi za maduka na maghala duniani zilijengwa kwa njia hiyo. Pili, ukielewa chombo kinafanya nini chini kwa chini, utajua mara moja kisichoweza kukufanyia. Ukiburuta kitufe, chombo kinaandika maelezo ya kitufe hicho kwenye faili: jina, mahali, maandishi, rangi. Lazarus huyaandika kwenye faili yenye mwisho wa .lfm, Qt Designer kwenye .ui, Windows Forms kwenye faili kama Form1.Designer.cs. Programu ikiwashwa, maelezo hayo husomwa na dirisha hujengwa. Kitufe kikibonyezwa, programu hutafuta utaratibu uliofungwa kwenye tukio la kubonyeza na kuuendesha.

Chombo kinaishia hapo. Utaratibu wenyewe unauandika wewe. Nini kitokee keshia akiandika “arobaini” kwenye sanduku la kilo? Au mteja mwenye deni akitaka kuchukua mzigo mwingine? Au mtu akitaka kufuta mauzo ya juzi ambayo hela yake imeshapokelewa? Dirisha la mauzo lenye visanduku sita linachorwa kwa saa moja. Majibu ya maswali hayo yatakuchukua siku kadhaa, na ndiyo programu yenyewe. Video hazionyeshi sehemu hiyo kwa sababu haina mvuto wa kutazama.

Chombo cha kuchora kinaokoa muda kweli, usinielewe vibaya. Ila kinaokoa ile sehemu iliyokuwa ndogo tangu mwanzo.

Kabla ya kufungua chombo chochote, chukua karatasi. Andika majedwali ambayo stoo yako inayahitaji: wateja, bidhaa, mapokezi ya mzigo, mauzo, mistari ya kila risiti ya mauzo, na malipo. Mauzo na mistari yake viwe majedwali mawili, kwa sababu mteja mmoja anaweza kuchukua dagaa wa chakula magunia matano na dagaa wa kuku magunia mawili kwa risiti moja. Malipo yawe jedwali lake pia. Anayechukua kwa mali kauli hulipa kidogo kidogo, na ukiweka safu moja tu ya “kiasi alicholipa” ndani ya jedwali la mauzo, kila malipo mapya yatafuta kumbukumbu ya yale ya mwanzo. Deni lenyewe usilihifadhi popote. Lipatikane kwa hesabu kila linapoulizwa: jumla ya mauzo kutoa jumla ya malipo. Deni lililoandikwa kama namba inayojitegemea litatofautiana na ukweli siku moja, na hutajua ni lini lilianza.

Gunia si kipimo. Wewe unalijua hilo kuliko mimi; gunia la dagaa waliokauka vizuri na gunia la dagaa wa msimu wa mvua hayawi sawa kwenye mzani. Weka safu mbili: idadi ya magunia, na uzito uliosomwa. Uzito uhifadhi kwa gramu kama namba kamili, kilo 42.5 iwe 42500. Kompyuta ikihifadhi desimali kwa njia yake ya kawaida, 0.1 kujumlisha 0.2 inatoa 0.30000000000000004, na takataka hizo ndogo hujikusanya kwenye jumla za mwezi mpaka hesabu inakataa kufunga. Fedha nazo ziwe shilingi kamili. Tahadhari moja hapa: namba ya aina ya Integer kwenye Pascal, na kwenye lugha nyingine kadhaa, inaishia 2,147,483,647. Jumla ya shilingi za stoo kubwa inaweza kuvuka hapo, na ikivuka unaweza kuona jumla hasi bila onyo lolote. Tangaza safu za fedha kuwa BIGINT na kwenye msimbo tumia Int64, aina zinazobeba namba kubwa zaidi.

Mteja wako mwenye majina matatu hatatibiwa na kuwaambia watu wawe makini. Atatibiwa na dirisha lisilowaruhusu kuandika jina wakati wa kuuza. Jina linaandikwa mara moja tu, siku mteja anaposajiliwa, pamoja na namba ya simu ambayo jedwali linaikataa ikijirudia. Baada ya hapo keshia anachagua kutoka kwenye orodha.

Na usiweke kitufe cha kufuta. Weka cha kubatilisha: mauzo yanabaki kwenye jedwali, yanapata alama ya kuwa batili, saa, na jina la aliyebatilisha. Siku watu wakianza kutazamana vibaya juu ya hela iliyopungua, utafurahi kuwa alama hiyo ipo.

Sasa vyombo.

Microsoft Access ndiyo njia fupi kwa mtu anayetoka Excel, kama tayari una leseni yake halali. Fomu, majedwali na ripoti vyote viko ndani, na kompyuta ya pili inaweza kutumia Access Runtime ambayo ni ya bure. Faili lake haliwezi kuzidi gigabaiti 2, ambazo kwa maandishi matupu ni nyingi sana kwako. Udhaifu wake ni mtandao: watu wawili wakitumia faili moja kupitia waifai inayokatika-katika, faili huharibika. Nakala za wizi zinazouzwa kwenye flashi usiziguse. Mara nyingi mtu analipa elfu kumi kwa programu na kupewa virusi kama nyongeza.

LibreOffice Base ni ya bure, lakini kwa stoo isiyo na umeme wa uhakika siipendekezi ikitumiwa na hifadhidata yake ya ndani. Data zako zinakaa ndani ya faili moja iliyobanwa ambayo huandikwa upya wakati wa kuhifadhi, na umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili zima linaweza kugoma kufunguka.

Windows Forms kupitia Visual Studio Community ni imara na ina mafundisho mengi. Itakula gigabaiti kadhaa za bando na diski, na itakutaka ujifunze lugha ya C#. Zile huduma za kuchorea programu kupitia mtandao kwa kulipia dola kila mwezi, kwa intaneti uliyoieleza, tuziache.

Zinabaki mbili ambazo naziona zinakufaa kweli. Ya kwanza ni Qt Designer pamoja na PySide6, maktaba inayounganisha Qt na Python, kwa sababu Python unaijua. Unachora dirisha, unahifadhi .ui, Python inalipakia. PySide6 ina leseni ya LGPL, kwa hiyo unaweza kuitumia kwenye biashara bila kulipa. Kosa ambalo karibu kila anayeanza hulifanya ni kugeuza .ui kuwa faili la Python kisha kuandika msimbo wake ndani ya faili hilo. Siku ukirekebisha dirisha na kuligeuza tena, kila ulichoandika kinafutwa. Msimbo wako ukae kwenye faili tofauti, siku zote. Tatizo la pili linakuja wakati wa kupeleka stooni: PyInstaller, inayofungasha programu ya Python ili iwake kwenye kompyuta isiyo na Python, inakutengenezea mzigo mkubwa, ukichagua faili moja inajifungua upya kwenye folda ya muda kila unapoiwasha, kwenye kompyuta ya RAM gigabaiti 4 hilo litaonekana, na programu za kuzuia virusi huishuku mara kwa mara bila kosa.

Ya pili ni Lazarus, na ndiyo ningekushauri. Ni ya bure, inatumia lugha ya Pascal, na inatoa exe, yaani faili la kuwashia programu, inayowaka mara moja kwenye kompyuta dhaifu bila kusakinisha kitu kingine. Ukiona exe ya dirisha tupu imezidi megabaiti 20 usishtuke. Hizo ni taarifa za kutafutia makosa, na ukijenga kwa hali ya Release zinaondoka, zinabaki megabaiti chache. Sababu kubwa zaidi ni kwamba Lazarus ina vipande vinavyoongea na hifadhidata moja kwa moja, hivyo msimbo wa kusoma jedwali na kulionyesha huuandiki. Gharama yake ni kujifunza Pascal. Kwa mtu mwenye Python kidogo, kiasi cha Pascal kinachohitajika hapa ni kazi ya wiki mbili au tatu za jioni.

Ukianza, fanya hivi. Fungua mradi mpya wa Application. Weka TPanel moja (kibao cha kubebea vipande vingine) na uipe Align ya alTop, yaani ishike juu, kwa ajili ya visanduku vya kujaza, nyingine alBottom, chini, kwa vitufe, kisha katikati weka TDBGrid (jedwali la kuonyesha data) yenye alClient ili ijaze panapobaki. Ugonjwa wa kitufe kupotea umekwisha hapo. Kwenye Project Options, ukurasa wa Application, washa DPI awareness ili maandishi yasiwe na ukungu kwenye skrini iliyokuzwa. Kisha ongeza vipande vinne visivyoonekana vya kuunganisha programu na SQLite, hifadhidata inayokaa ndani ya faili moja: TSQLite3Connection, TSQLTransaction, TSQLQuery na TDataSource. Vifunge kwa mnyororo: muunganisho (TSQLite3Connection) upewe muamala wake (TSQLTransaction), ulizo (TSQLQuery) lipewe muunganisho, TDataSource ipewe ulizo, na jedwali la kuonyesha lipewe TDataSource. Pete moja ikikosekana, jedwali linabaki jeupe, wakati mwingine bila hata ujumbe wa kosa.

Kila kipande kipe jina lake kabla ya kukibonyeza mara mbili. Ukikibonyeza kikiwa bado Button7, utaratibu wake unaitwa Button7Click, na baada ya mwezi utakuwa na tisa za namna hiyo usijue ipi inauza na ipi inabatilisha. Na ukitaka kuondoa utaratibu, usiufute tu kwenye msimbo. Nenda kwanza kwenye dirisha la sifa, kichupo cha Events, uutenganishe na kitufe. Faili la .lfm likibaki linataja utaratibu usiokuwepo, dirisha litakataa kupakiwa.

Mitego ya SQLite ndani ya Lazarus iko mitano, nayo huwala wageni wote. Faili la sqlite3.dll lazima liwe kwenye folda moja na exe, na liwe la biti 64 kama exe ni ya biti 64. Ukichanganya na la biti 32 utaambiwa maktaba haipatikani huku unaiona kwa macho. Safu ya maneno ukiitangaza kuwa TEXT, TDBGrid itaonyesha neno “(MEMO)” badala ya jina la mteja, itangaze VARCHAR(60). SQLite haisimamii uhusiano kati ya majedwali mpaka uiambie, kwa hiyo ongeza foreign_keys=on kwenye sifa ya Params ya muunganisho. Ukiwa unachora, utaweka Connected na Active kuwa True ili uone data. Zirudishe False kabla ya kujenga, la sivyo programu itakwenda stooni ikitafuta njia ya faili iliyoko kwenye laptopu yako, na itaanguka kabla dirisha halijatokea.

Wa tano ndio unaouma. Unachoandika kupitia TSQLQuery hakiendi kwenye diski. Kinakaa kwenye kumbukumbu ya muda mpaka uite ApplyUpdates, na hata hapo hakijathibitishwa mpaka muamala ufanyiwe Commit. Kwenye skrini utaona mauzo yote yamepangika vizuri. Keshia atauza tangu saa moja asubuhi, umeme utakatika saa tisa, na ukiwasha tena jedwali liko kama lilivyokuwa jana. Kwenye kitufe cha Hifadhi weka ApplyUpdates ya kila ulizo lililoguswa, la mauzo kwanza na la mistari yake baadaye, kisha CommitRetaining moja ambayo inathibitisha bila kufunga orodha inayotazamwa. Commit moja kwa risiti nzima ya mauzo: ama risiti na mistari yake vyote vinaingia, ama haviingii kabisa.

Hifadhidata yenyewe usiiweke ndani ya Program Files. Windows haimruhusu mtumiaji wa kawaida kuandika humo, na wakati mwingine huyahamishia maandishi yako kwenye folda iliyojificha, kila mtumiaji na nakala yake. Tumia folda ya programu yako ndani ya C:\ProgramData, na umpe mtumiaji wa stoo ruhusa ya kuandika.

Nirudi kidogo kwenye dirisha, maana kuna jambo ambalo mchoraji akiwa nyumbani hulisahau. Asubuhi mzigo unaposhuka na fuso inasubiri kupakia, keshia hashiki mausi. Mkono mmoja una daftari au simu, mwingine una vumbi la dagaa. Hakikisha kitufe cha Tab kinakwenda kwa mfuatano wa kazi yenyewe: mteja, bidhaa, magunia, kilo, bei. Mfuatano huo ni sifa ya TabOrder, na ukiburuta vipande huku na huku haujipangi upya wenyewe, kwa hiyo uukague mwisho. Kitufe cha Hifadhi kipe Default iwe True ili Enter ikibonyeze. Herufi zisipungue pointi 12. Maneno yawe ya stooni: “Pokea mzigo”, “Uza”, “Lipa deni”. Na namba zikaguliwe kwa TryStrToInt64 au TryStrToFloat, ambazo hujibu ndiyo au hapana badala ya kuangusha programu. Kumbuka kwamba TryStrToFloat hufuata mpangilio wa Windows wa kompyuta husika. Kompyuta moja inataka 42.5 na nyingine inataka 42,5. Weka alama ya desimali mwenyewe programu inapoanza, kupitia DefaultFormatSettings.DecimalSeparator.

Kuhusu umeme: UPS ndogo (betri ya akiba ya kompyuta) ya kukupa dakika kumi za kufunga inafaa kununuliwa kabla ya kitu kingine chochote kwenye orodha yako. SQLite inastahimili kukatika kwa umeme vizuri, kwa sharti moja. Ukikuta pembeni ya hifadhidata kuna faili lenye jina lilelile likimalizia na -journal, usilifute kwa kudhani ni uchafu. Hilo ndilo linalotumika kurudisha mambo yalivyokuwa kabla ya umeme kukatika. Nakala rudufu usiichukue kwa kunakili faili huku programu inatumika; funga programu kwanza, au tumia amri ya VACUUM INTO ambayo inatoa nakala safi hata watu wakiwa kazini. Flashi ziwe mbili, zipokezane, moja ilale nyumbani.

Kompyuta ya pili inabadilisha mambo. Usiweke faili la SQLite kwenye folda ya kushirikiana na kuwafungulia watu wawili. Kufunga faili kupitia mtandao hakuaminiki, na watengenezaji wa SQLite wenyewe wanatahadharisha hivyo. Hapo utahitaji hifadhidata yenye seva, kama Firebird au PostgreSQL, isakinishwe kwenye mojawapo ya kompyuta hizo mbili. Kwenye Lazarus unabadilisha TSQLite3Connection kuwa TIBConnection au TPQConnection, unarekebisha SQL kidogo, madirisha yanabaki yalivyo. Kompyuta yenye seva ipewe anwani isiyobadilika, na ukuta wa moto wa Windows ufunguliwe mlango wa 3050 kwa Firebird au 5432 kwa PostgreSQL. Tumia waya, si waifai. Intaneti haihitajiki hapo. Rauta ndogo inatosha.

Kuna mahali ambapo usifanye peke yako. Kusimika seva hiyo na kujaribu kurejesha nakala rudufu kunataka mtu akae nawe pale stooni kwa siku moja. Walimu na wahitimu wa kompyuta hapa Mwanza wapo wanaoiweza. Risiti za kodi ni suala jingine: programu yako haichukui nafasi ya mashine ya EFD, na kabla ya kufikiria kuiunganisha na mfumo wa risiti, nenda ofisi ya TRA uulize wanachotaka. Majina, simu na madeni ya wateja ni taarifa binafsi zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo nenosiri la kuingilia si pambo. Na kompyuta ya stoo isigeuzwe ya kuangalizia video na kuchomeka flashi za kila mtu, hasa kwa kuwa msaada wa kawaida wa Microsoft kwa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Kuhusu fundi, milioni moja na nusu inaweza kuwa halali au wizi kutegemea atakachokuachia. Muulize kabla ya kutoa malipo ya kwanza: je, nitapata msimbo wote pamoja na faili za madirisha, au exe tu? Nani ana nenosiri la hifadhidata? Nakala rudufu inarejeshwaje, na utanionyesha? Marekebisho ni bure kwa miezi mingapi? Akikupa exe peke yake umenunua kufuli bila ufunguo. Kama majibu yake ni mazuri na stoo haiwezi kusubiri, mpe. Kama una miezi mitatu ya jioni, jenga mwenyewe, kisha umlipe mtu kama yeye siku mbili za kukukagulia majedwali kabla hujachora dirisha hata moja. Kosa la dirisha unalirekebisha kwa dakika tano. Kosa la jedwali lililokwisha kujaa mauzo ya mwaka mzima litakula wiki.

Wiki ya kwanza usijenge zaidi ya dirisha moja: Pokea mzigo. Lipeleke kwenye kompyuta ya stoo likiwa bado na sura mbaya, ingiza mapokezi kumi ya kweli kutoka kwenye daftari, kisha chomoa waya wa umeme katikati ya la kumi na moja. Washa tena uhesabu yaliyobaki. Yakiwa kumi kamili, endelea na dirisha la Uza. Yakipungua, rudi kwenye aya ya CommitRetaining. Daftari liendelee kuandikwa sambamba kwa mwezi mzima, na kila jioni jumla mbili zilinganishwe kabla ya kufunga stoo.